Nilimwambia Ale

Ahadi ile niliitoa mwenyewe. Hakuna mtu aliyeniomba.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka juzi, na mimi na mke wangu tulikuwa tumeketi mbele ya mtaalamu wa lishe katika kliniki ya sukari. Wiki mbili kabla ya hapo mke wangu alikuwa amepimwa na kupatikana na kisukari. Kwa miezi mingi alikuwa akinywa maji bila kutosheka na kukonda bila sababu, mpaka siku moja pete ya ndoa ikamtoka kidoleni akichuma chai. Tuliitafuta chini ya miti ya chai mpaka jua likazama, na hatukuipata. Mimi nilihuzunikia pete. Sikujiuliza kidole kilikuwa kimekonda kwa nini.

Mtaalamu yule alikuwa msichana wa rika la binti yetu. Alikuwa na sahani ya plastiki aliyoichora mistari kwa kalamu nene. Nusu ya sahani, alisema, ni ya mboga. Robo ni ya ugali au viazi au wali, na robo iliyobaki ni ya nyama, mayai au maharagwe. Chai inywewe bila sukari. Soda asiiguse kabisa. Chapati, moja tu, tena mara mojamoja sana, siyo kila ikipikwa.

"Nyumbani nani anapika?" akauliza.

"Mimi," mke wangu akajibu.

"Na wengine wanakula nini?"

Nyumbani tulikuwa tumebaki wawili. Binti yetu anafanya kazi Nairobi na watoto wetu wengine wameoa na kuolewa. Kwa hiyo "wengine" nilikuwa mimi. Nikakohoa, nikasema, "Nitakula chochote atakachokula yeye. Kama ni mboga, mboga. Kama ni chai bila sukari, bila sukari."

Mke wangu aligeuka akanitazama. Tumeishi pamoja miaka ishirini na saba na sikumbuki mara nyingi alizonitazama hivyo. Yule msichana wa lishe alifurahi akasema laiti waume wote wangekuwa kama mimi. Nilitoka mle ndani nimenyoosha mabega.

Mimi ni mkulima wa chai na nina ng'ombe wanne wa maziwa, upande huu wa milima, si mbali na Sotik. Chai ya kwetu nyumbani ni maziwa kuliko maji, na sukari tulikuwa tukiitia bila kupima. Wiki ya kwanza bila sukari nilihisi kama nakunywa maji yaliyooshewa sufuria. Lakini nilikunywa. Ugali wa mahindi meupe ukaondoka mezani, ukaja wa wimbi, tena kipande kidogo cha kutosha kiganjani. Managu, saga, kabichi, sukuma wiki, kila siku mboga ya kijani. Mke wangu alikuwa akipima chakula chetu kwa kikombe kilekile, changu na chake, na baada ya kula tulitembea pamoja mpaka kituo cha kupimia majani chai na kurudi. Majirani walituuliza tumeitwa wapi. Siku hizo, nikisema kweli, zilikuwa nzuri. Tulizungumza njiani mambo ambayo hatukuwa tumezungumza tangu watoto wazaliwe.

Mwezi mmoja nilivumilia. Kisha ikaja Ijumaa moja nikaenda Sotik kununua chakula cha ng'ombe, na nikiwa nasubiri magunia yapakiwe, upepo ukaleta harufu ya chapati kutoka hoteli iliyo ng'ambo ya barabara. Nilijiambia ninaingia kunywa maji. Nikaagiza chapati mbili na maharagwe, na chai ya maziwa, na sukari nikajitilia vijiko vinne. Nilikula haraka, mgongo wangu ukiwa umeelekea mlangoni, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, kama mtoto aliyeiba nyama chunguni. Kabla ya kurudi nyumbani nilisukutua kinywa kwa maji ya bomba la pale agroveti, duka nilikonunulia chakula cha ng'ombe.

Ijumaa iliyofuata nilirudi. Na iliyofuata. Chakula cha ng'ombe hakikuwa kikiisha kila wiki, lakini nilipata sababu nyingine: dawa ya kupe, misumari, kumwona mtu. Hoteli ile wakanizoea. Nikiingia tu mhudumu alikuwa akigeuza chapati kwenye kikaango.

Mke wangu mwili ulianza kumrudia. Sukari yake ilishuka, macho yakapata mwanga. Mimi tumbo langu lilikaa palepale, na hilo likamsumbua.

"Mwili wako ni mgumu," aliniambia jioni moja akiniangalia kwa huruma. "Labda wewe mboga unayokula haitoshi." Akachukua nusu ya parachichi lake akaliweka kwenye sahani yangu. Nililila. Lilikuwa parachichi bivu kabisa, na nililimeza kipande kwa kipande huku nikitazama meza.

Basi Desemba ikafika. Krismasi sisi huila Chebunyo, kwa mama yangu, ambako kaka yangu mkubwa ndiye aliyebaki nyumbani na kurithi boma. Kule si nchi ya chai. Ni joto zaidi, watu wanafuga ng'ombe na mbuzi, na sherehe ya kule ni nyama. Binti yetu alikuja kutoka Nairobi siku ya kuamkia Krismasi na asubuhi tukajiandaa sote watatu. Mke wangu alikuwa ameamka mapema. Alikuwa amepika managu akayatia maziwa kidogo, akasonga ugali wake wa wimbi, akavipakia kwenye hotpoti ndogo ya bluu. Binti yetu akataka kucheka, akamwuliza kama anakwenda safari ya wiki nzima.

"Huko kwa kogo nitapata nyama," mke wangu akasema. Kogo ni bibi, kwa lugha yetu, na ndivyo sote nyumbani tunavyomwita mama yangu siku hizi. "Nyama nitakula kidogo. Na mursik ya kogo nitakunywa kikombe kimoja, nimeulizia kliniki wakanikubalia. Nimeanza kuingojea tangu Novemba. Hayo mengine nina yangu."

Tulipokuwa tukishuka kwenda barabarani binti yetu alitangulia na mfuko wa sukari na majani chai ya kumpelekea kogo. Mke wangu akanishika mkono wa koti.

"Mzee," akasema, "wakianza kunilazimisha, useme wewe. Wewe ni mtoto wao. Mimi nikikataa chakula cha mama yako wataona ninajivuna."

"Wacha wasiwasi," nikamwambia. "Nitasema."

Tulifika kabla ya saa sita. Kaka yangu alikuwa amechinja mbuzi wawili, na moshi ulikuwa umetanda kwenye ua wote. Shemeji yangu, mke wake, alikuwa na karai la chapati alizozifunika kwa kitambaa, na ukikifunua mvuke ulikuja usoni. Kulikuwa na pilau. Kulikuwa na viazi vilivyokaangwa na nyama, na keki yenye sukari nyeupe juu, na kreti mbili za soda chini ya meza. Mama yangu, ambaye umri wake hakuna anayeujua vizuri lakini umepita themanini, alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, na miguuni pake ameweka kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Hakuwa amemruhusu mtu kukigusa.

"Hiki ni cha mke wa mtoto wangu," alisema tulipomsalimia. Akampakulia mwenyewe, maziwa mazito yenye madoa ya mkaa, na mke wangu akanywa kikombe chake kimoja taratibu, amefumba macho. Mama akacheka kwa furaha.

Kaka yangu akanipa sahani. Sikuisubiri sana. Nilianza na mbavu, nikaongeza chapati, nikaongeza nyingine, nikiwa nimesimama karibu na moto na wanaume wenzangu, mafuta yakinitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilijiambia mke wangu yuko ndani na wanawake, haoni. Kisha tukaitwa sote kwenye meza iliyowekwa kivulini, na kaka akaomba dua ya chakula, na tulipofumbua macho nikamwona mke wangu ameketi upande wa pili, mkabala na mimi. Mbele yake kulikuwa na kipande kimoja cha nyama na ile hotpoti ya bluu, na alikuwa anafungua kifuniko.

Kaka yangu ni mtu wa mzaha, tena wa sauti kubwa.

"Shemeji!" akasema. "Umebeba chakula kutoka kwako? Chebunyo kuna njaa?"

Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka kidogo. "Hapana, shemeji. Ni mambo ya daktari tu."

"Daktari naye hali Krismasi?"

Wakacheka tena. Mke wa kaka akainuka, akachukua chapati mbili akaziweka kwenye sahani ya mke wangu. "Nimeamka saa kumi kupika hizi," akasema. Hakuwa na ubaya, alisema kama mtu anayetaka kusifiwa. Mama yangu akauliza kwa Kipsigis kuna nini, kwa nini mtoto hali, na mtu akamjibu kwamba amekataa chakula cha hapa.

Mke wangu akainua macho akanitazama mimi.

Neno moja lingetosha. Kaka yangu ananiheshimu, na mama yangu hangemlazimisha mgonjwa kama angeelezwa vizuri. "Mwacheni." Basi. Lakini sahani yangu ilikuwa imejaa, mbele ya macho yake. Mifupa ilikuwa imepangana pembeni, chapati ya tatu nilikuwa nimeikunja mkononi, na chupa ya soda ilikuwa imefika katikati. Kama ningesema mwacheni, ana sukari, amekatazwa, mtu angeuliza na wewe je, si mlisema mnakula pamoja? Tulikuwa tumewaambia. Mwezi wa kumi mke wangu alikuwa amempigia mama simu akijisifu kwa ajili yangu. Nilitaka kula. Nilitaka kula bila kutazamwa na mtu mwenye mboga.

"Kula tu, mama watoto," nikasema, tena kwa kucheka. "Krismasi ni siku moja. Sukari haitakuja leo."

Kaka yangu akapiga meza. "Umesikia mzee mwenyewe!"

Mke wangu alinitazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu, ingawa nadhani ulikuwa wa kupumua tu. Kisha akaifunika hotpoti, akaiweka chini karibu na mguu wa kiti. Akakata chapati, akaichovya kwenye mchuzi, akala. Mke wa kaka akapiga makofi. Akafunguliwa soda, akainywa. Nilihisi kitu kizito kikinitoka kifuani, na nikala kwa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu Septemba. Siwezi kuificha raha hiyo. Ndiyo inayonirudia zaidi ya yote.

Tulikuwa tumepanga turudi siku ileile. Lakini alasiri mvua ikanyesha, na barabara ya kule ikishanyeshewa ni tope jeusi linaloshika gurudumu halitaki kuliachia. Kaka akasema tulale, mbuzi bado hajaisha. Mke wangu akaniita pembeni. Dawa zake zilikuwa zimebaki nyumbani.

"Kesho tutakwenda," nikamwambia.

Kesho yake jua liliwaka na njia ikakauka mchana, lakini kulikuwa na wageni, na matumbo, na supu ya kichwa. Nikasema tukae siku moja zaidi, kukosa dawa siku mbili tatu hakuna neno. Mke wangu hakubishana. Sasa alikuwa akila kila alichopewa. Keki asubuhi na chai ya sukari, pilau mchana, soda. Hata managu yale hakuyala tena, yaliharibika ndani ya hotpoti na binti yetu akawamwagia kuku. Nilimwona akila na nikajifariji kwamba anafurahi. Nilikuwa nikimwona pia akienda chooni mara nyingi, na akiomba maji, na siku ya tatu asubuhi hakutaka kuinuka kitandani. Alisema amechoka tu kwa ajili ya watu wengi.

Ni binti yetu aliyeshtuka. Alikuwa amemnunulia mama yake mashine ndogo ya kupima sukari kama zawadi ya Krismasi, bado iko ndani ya sanduku lake. Akasoma maelezo, akamchoma mama yake kidole, akatia tone kwenye kile kikaratasi. Tulisubiri. Badala ya nambari zikatokea herufi mbili, H na I.

"Inakusalimia, mama," akasema mpwa wangu aliyekuwa mlangoni, kwa mzaha.

Binti yetu akarudi kwenye karatasi ya maelezo. Nikaona uso wake ukibadilika. Maana yake ilikuwa kwamba sukari imepanda ikapita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma.

Kaka yangu alitoa pikapu yake. Mke wangu alikaa mbele katikati yetu, kichwa chake kimelala begani kwangu, na pumzi yake ilikuwa na harufu kama ya matunda yaliyooza. Binti yetu alikuwa nyuma, ameshikilia chuma, na nilimwona kwenye kioo akipanguza uso, sijui ni vumbi au ni machozi.

Hospitalini wakamtundikia dripu haraka. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akatuuliza sisi watatu tuliosimama pembeni ya kitanda, mimi, binti yangu na kaka.

"Amekuwa akila nini? Na dawa amekuwa akimeza?"

Kaka yangu alitazama chini. Binti yangu alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mume.

Nikasema, "Dawa alisahau nyumbani. Na chakula… unajua sikukuu, daktari. Nilimkataza, lakini…" Nikainua mabega.

Nilimkataza. Nilisema hivyo. Kaka yangu aliinua kichwa akanitazama, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Yeye alikuwa mezani. Alikuwa na aibu yake mwenyewe, nadhani, na hakutaka kuongeza yangu mbele ya mtoto wangu. Binti yangu hakuwa amesikia yale maneno ya mezani. Wakati ule alikuwa jikoni akisaidia kupakua.

Daktari alipoondoka binti yangu aliinama juu ya kitanda. Mama yake alikuwa amefumba macho. "Mama, kwa nini?" akasema kwa hasira na woga. "Umeshauriwa, umeandikiwa, baba anajinyima pamoja na wewe miezi yote hii, anakukataza, na wewe unakula keki kama mtoto? Unataka tukuzike?"

Mke wangu hakufumbua macho. Lakini niliona koo lake likipanda na kushuka, akimeza mate. Alikuwa anasikia. Alikuwa amenisikia na mimi.

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu. Nikamwambia binti yangu, "Mwache apumzike," kwa sauti ya baba mwenye huruma, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la zege karibu na bomba.

Siku ile sikula. Wala si kwa ushujaa, chakula kilikataa kupita. Jamaa walikuja, wakaniambia pole, wakaniambia wanawake ni wabishi wakishika sikukuu, wakanisifu kwamba nimejitahidi. Kila pole niliipokea. Nilimpigia mama simu nikamwambia hali ni nzuri. Mama aliuliza swali moja tu, kama ni ile mursik yake iliyomdhuru. Nikamwambia hapana. Hakuniamini. Baadaye kaka aliniambia kwamba alikiosha kile kibuyu akakitia uvunguni, akasema hatampa tena mtu maziwa yake.

Kesho yake, wakati wa kuona wagonjwa mchana, mke wangu alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni. Midomo ilikuwa imepasuka lakini macho yalikuwa yake. Binti yetu alikuwa anamchania nywele. Nilikuwa nimebeba uji wa wimbi kwenye thamosi. Nikauweka kwenye kabati, na nikajua nikikaa kwanza sitasema. Nikasema nikiwa nimesimama.

"Mimi sikumkataza mama yako."

Chanuo likasimama.

"Nilimwambia ale. Mezani, mbele ya watu. Alikuwa na chakula chake, akanitazama nimsaidie, na mimi nikamwambia ale, kwa sababu nilitaka na mimi nile. Na tukakaa siku tatu kwa sababu yangu. Na huko nyuma sijajinyima. Kila Ijumaa nimekuwa nikila chapati Sotik."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mmoja mzee, aligeuka ukutani kwa adabu.

Binti yangu hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimtazama mama yake, akasema polepole, "Mimi nilikugombeza. Jana. Nilikuambia kuhusu kukuzika."

"Nilisikia," mke wangu akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba baba yako anadanganya?" Akavuta shuka. Kisha akaniambia mimi, bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo la shamba, "Za Ijumaa nilizijua tangu Oktoba. Koti lako lilikuwa linanuka mafuta ya kukaangia. Sikutaka kukuuliza kwa sababu ungeacha kutembea na mimi jioni. Nilipenda tukitembea. Lakini pale mezani uliposema nile, nikaona basi, niko peke yangu, na mtu akiwa peke yake anajinyima kwa ajili ya nani? Ndiyo maana nilikula mpaka nikazidisha."

Binti yetu aliweka chanuo kitandani akatoka. Alitembea mpaka kwenye lango na hakurudi mpaka wakati wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Mimi nilimmiminia mke wangu uji. Alikunywa. Aliniambia umepoa.

Aliruhusiwa siku ya mwaka mpya. Tangu wakati huo anajidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni, ambayo zamani hakuihitaji. Nilimwuliza daktari kama ni kwa sababu ya zile siku tatu. Akasema huenda ingefika tu, ugonjwa huu una njia zake, kila mtu na mwili wake. Hilo neno "huenda" nimelibeba kama mtu anayebeba kiberiti kilicholowa. Nalijaribu mara kwa mara, haliwaki.

Hoteli ya Sotik sikuingia tena. Si kwamba hamu iliisha. Nikipita pale bado mate yananijaa, na mara moja mhudumu alinipungia mkono akiwa mlangoni nikajifanya naongea na simu. Nyumbani nilirudi kwenye kikombe cha kupimia, na safari hii mwili wangu ulikubali, nikatoboa mshipi matundu mawili mapya. Mke wangu aliona. Hakunisifu, na mimi sikumtegea sifa.

Desemba iliyopita tulikwenda tena Chebunyo. Yeye ndiye aliyetaka, mimi ningependa tubaki. Alisema mama anazeeka. Kabla ya siku yenyewe nilikwenda peke yangu, nikaketi na mama na kaka na mke wake, nikawaeleza yote, la mezani na la hospitalini. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyofikiri, maana mama alianza kulia akasema ni yeye aliyempakulia, mke wa kaka akasema ni chapati zake, na kaka akasema ni mdomo wake. Kila mtu alikuwa ameishi mwaka mzima na kosa lile akiliita lake. Na mimi mwaka mzima nilikuwa nimewaachia walibebe.

Siku ya Krismasi meza iliwekwa palepale kivulini. Mke wa kaka alikuwa amepika sufuria nzima ya saga na managu, na chapati zilikuwepo pia, kwa sababu watoto ni watoto. Mama alikuwa amekitoa kibuyu chake uvunguni, na alimpakulia mke wangu mursik, akisimama kila kidogo kuniangalia kama ananiuliza inatosha. Mgeni mmoja, jirani asiyejua habari, alimsogezea mke wangu karai la chapati akasema, "Mama, chukua, hii ni sikukuu."

"Mwache," nikasema. "Ana sukari. Na mimi pia sichukui."

Maneno yenyewe yalichukua muda wa kumeza tonge. Jirani akasema sawa, akasogeza karai kwa mwingine, na mazungumzo yakaendelea kuhusu bei ya ndama. Nilibaki nimeshika kijiko. Nilikuwa nimedhani nitajisikia mwepesi, lakini kilichonijia ni kwamba lilikuwa jambo dogo kiasi kile, na mwaka uliotangulia sikulifanya.

Mke wangu aliendelea kula, hakunitazama. Baadaye aliniomba chumvi.

Binti yetu hakuja mwaka huo. Alisema kazi, na labda ni kazi kweli. Hupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, anazungumza na mama yake kwanza, muda mrefu, wanacheka. Kisha anaomba apewe mimi. Ananiuliza ng'ombe, ananiuliza majani chai, halafu anauliza, kwa sauti ileile ya kawaida, "Na wewe baba, wiki hii umekula nini?"

Namwambia. Juzi nilimwambia nilikula mandazi mawili kwenye matanga ya jirani, na chai yenye sukari.

"Mama anajua?"

"Alikuwa ameketi na mimi," nikasema. "Ngoja nimpe simu umwulize mwenyewe."

"Haya, mpe," akasema, na nikamwita mama yake, aliyekuwa nje akiwakatia ng'ombe majani, nikampelekea simu.